Kijiko cha Mawese

Saa nane usiku kigari cha dawa huingia wodini.
Ninakisikia kabla hakijafika mlangoni:
kwii-kwii, kwii-kwii,
gurudumu la mbele, la kushoto.
Najua, maana miaka thelathini na mmoja
nilipaka grisi mabehewa ya reli hapa Lubumbashi,
usiku, kwa taa ya mkononi,
nikiinamia ekseli kama mtu anavyoinamia
kifua cha mtoto mwenye pumu.

Sauti ile si ya uzee. Ni kiu.

Tuko kumi na sita. Kigari kikilia, sote macho,
na kila anayeamka hukuta maumivu yake yamemtangulia,
yameketi ukingoni mwa kitanda, yanamngoja.
Kalumba anashika goti ambalo halipo tena.
Mzee wa Kampemba anahesabu madeni kwa sauti.
Kyabu wa dirishani, aliyetolewa shimoni
akiwa hai peke yake, hasemi neno.
Sindano ni ya mmoja,
usingizi unawatoka kumi na sita.

"Ngalula," nilimwambia mke wangu,
"kesho niletee mawese, kijiko kimoja."
"Ya sombe au ya mguu?"
"Ya gurudumu."
Akanitazama kama anayetafuta homa usoni mwangu.
Mawese yamepanda bei Katuba, mnajua.
Aliyaleta hata hivyo, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi,
kando ya sahani ya bukari.

Sista Bilonda alikipindua kigari mwenyewe.
Nikaelekeza kwa kidole, chali, kama mkubwa wa karakana:
kwanza toa takataka.
Mlikuwa na uzi wa bandeji, nywele,
pamba iliyokauka, mbegu ya chungwa.
Kisha tone. Zungusha. Tone.
Wodi ikanukia jiko la sikukuu.

Usiku ule kigari kilipita kama wingu.
Watu walikoroma.
Saa nane na dakika chache, Kyabu alipiga ukelele.

Hakuwa ameota. Alifumbua macho akaona mkono
juu yake, asijue ulikotokea.
"Ile kwii-kwii," alisema asubuhi,
maneno yake ya kwanza kwa siku tisa,
"ilikuwa inaniambia mtu anakuja."

Sikuwa na jibu. Reli haikunifundisha hilo,
kwamba waweza kuondoa kero
ukaondoa na hodi.

Tangu hapo Sista Bilonda hupiga hodi kwa mdomo.
Katika karatasi zao mimi ni Kumi na Nne,
lakini gizani ananong'ona:
"Baba Kafwaya, ni mimi, Bilonda. Nagusa mkono wa kulia."
Na ngozi hujiandaa,
kama mlango unaofunguliwa na mwenye nyumba.
Wengine hawaamki. Anaamka aliyeitwa.

Leo nimepewa fakture.
Wameandika kitanda, uzi, plasta,
picha mbili za mfupa, hata karatasi yenyewe.
Ngalula ameisoma mara mbili,
kidole kikishuka mstari kwa mstari.
Mawese yake hayamo, anasema, wayapunguze humo.
Mama, namwambia, kijiko kimoja!
Ameshafika dirishani kwa mhasibu,
chupa tupu mkononi,
anapiga hodi.