Kituo

Boriti ya nyumba yetu Nachingwea ni reli.
Babu aliinunua kwa madebe mawili ya mtama
walipong'oa njia ya karanga,
karanga zenyewe zilishakataa kuota.
Ina herufi za kiwanda cha mbali, zimeliwa na kutu.
Mimi hulala chali adhuhuri nikizisoma.

Bi Somoe Nnunduma, aliyenifunza mizani
huku akipukuchua mbaazi,
alisema ubeti kwa Waarabu ni nyumba.
Na kituo, bibi?
Pumzi inapotua.

Kituo chetu kimebaki sakafu,
watu huanika mihogo. Hakuna asubiriye chochote.

Miaka kumi na mmoja Dar nilitazama juu
nikakuta dari nyeupe, haina la kusema.

Chuma kilicholetwa kupeleka mali bandarini
sasa kimebeba bati, popo, moshi wa jikoni,
usingizi wetu.
Hakikuomba ruhusa kuwa mwenyeji.
Labda mtu huwa kwao
siku anapoacha kuelekea.

Mvua inavuja juu yake, tone kwa tone.
Nahesabu: mizani nane,
kisha tone la tisa, linaharibu.
Bi Somoe angelikata.

Naliacha lianguke.