Januari Mosi

Saa nne usiku, ghorofa ya tano, Barabara ya Kirinyaga.
Chini, fundi wa mwisho anashusha mlango wa chuma,
na mimi nimekaa na mashine ya chama
aliyoileta Bi Kwamboka kikapuni, kaifunika leso
kama sufuria ya mgeni.
"Ifundishe kuongea na benki," alisema,
"lakini isiongee kwa sauti.
Hiyo ni akiba ya wanawake sitini na wawili."

Nimeipakia maktaba ya siri.
Nimeionyesha: ufunguo uko hapa, cheti kiko pale,
mlango ni mia nne arobaini na tatu,
lugha za kale usizikubali, hata ukibembelezwa.
Mstari baada ya mstari, kama mtu achambuaye mchele;
nukta moja ikipotea, chungu kizima kina changarawe.

Kisha nikaituma ikabishe.
Hodi.
Benki ikatoa cheti chake, ikanyoosha mkono.
Mashine ikautazama mkono ule,
ikarudisha wake mfukoni.
Cheti si halali.
Hodi tena.
Cheti si halali.

Nikafuta, nikaandika. Nikapanga upya mnyororo wa wadhamini,
huyu katiwa sahihi na yule, yule na mkubwa wake,
hadi kwa yule wa juu kabisa asiye na wa kumdhamini
ila kuaminiwa tu.

Otenyo, tunayekodi naye chumba, akasema kutoka kwenye godoro:
"Kuna mstari mmoja. Andika usihakiki, ukalale.
Kila mtu hufanya hivyo."
Naujua mstari huo. Una herufi chache kuliko jina langu,
na ukishaandikwa, mlango humfungukia yeyote
ajuaye kutamka "mimi ni benki".
Niliuandika. Nakiri.
Niliutazama kwa muda wa kumeza mate, nikaufuta.

Maana kuna Lekuta, askari wa langoni.
Miaka mitatu ananiona, anajua hata mguu wangu kwenye ngazi,
na kila asubuhi: "Kitambulisho, dada."
Siku moja nikamkaripia, Lekuta, si unanijua?
Akajibu, macho kwenye daftari:
"Wewe nakujua. Sijui kama leo ni wewe."

Saa saba. Nikalisoma kosa polepole, safari hii hadi mwisho,
pale macho yanapochoka na kuruka:
cheti hakijaanza kutumika.
Hakijaanza?
Nikaiuliza mashine: leo ni lini?
Ikajibu bila haya:
Januari mosi, elfu mbili na tisa.

Loo. Betri ya saa ilikufa zamani,
kidude bapa kama shilingi,
na kila ikizimwa ikiwashwa huzaliwa upya siku ileile.
Haikuwa kiburi.
Ililinda akiba ya kina mama kwa kalenda iliyokuwa nayo,
na benki imeiletea hati ya kesho.

Baba yangu naye alizaliwa Januari mosi;
ndivyo kinavyosema kitambulisho.
Bibi alikumbuka mvua tu, na nzige waliofuata.
Karani hakuwa na kisanduku cha nzige,
akaandika tarehe iliyokuwa karibu na kalamu.
Kila mwaka mpya tunampigia simu kumtakia heri,
naye hucheka: "Mpigieni karani."

Asubuhi nikashuka Luthuli,
betri shilingi hamsini, kwa kijana mwenye lenzi jicho moja.
Nikaipachika. Nikaiambia mashine siku ya leo,
ikaruka miaka yote ile bila kupepesa taa.

Hodi.

Mkono ukashika mkono,
na tangu hapo sijasikia neno.
Kazi yenyewe ndiyo hiyo:
zinapita waya ule pesa za vitunguu, za mitumba,
karo ya mwana wa Bi Kwamboka,
mchana kutwa, maneno mengi,
na mimi niliyewakutanisha
niko nje kama wewe.