Mdakaji wa Tatu

Usiku wa Januari, Duluth. Ziwa limeganda
hadi mahali jicho linapokoma.
Nimeufungua mchezo, nimefungua matumbo yake:
mistari elfu nne niliyorithi kwa mtu aliyeacha kazi
bila kuaga, bila kuacha hata maelezo.

Wateja wananung'unika, nao wana haki.
Kompyuta yetu inajua kuendesha timu kubwa,
lakini ikishuka kwenye ligi ndogo
inagawa vijana kama mtu anayegawa karata gizani.

Tazama: Eladio Peguero, miaka kumi na tisa,
mkono wa kushoto, kipaji themanini kwa mia.
Imempandisha madaraja matatu kwa wiki moja
kwa sababu nambari yake inang'aa.
Huko juu warushaji wenye ndevu
wanampa mipira inayojipinda mwishoni,
naye anapiga hewa, anapiga hewa,
hadi ile themanini inamomonyoka: sitini, arobaini na tano,
na mashine, isiyo na haya, inaandika: hafai.

Tazama tena: timu moja ya daraja la chini
ina wadakaji watano. Anadaka mmoja.
Wanne wanapasha benchi moto msimu mzima,
na timu jirani, mwendo wa saa mbili kwa basi,
imemvalisha mlinzi wa kati kinyago kisichomkaa,
mipira inampita kama wageni wasiobisha hodi.

Mashine haina roho mbaya.
Iliambiwa itazame uwezo, ikatazama uwezo.
Hakuna aliyeiambia kwamba mtu hukua kwa kucheza.

Basi naandika.
Asipande mtu kabla ya kushika gongo mara mia mbili.
Asishushwe kwa wiki moja mbaya; nani hana wiki moja mbaya?
Kabla ya kumpanga yeyote, zihesabiwe nafasi za kucheza,
si vitanda vya kulala.
Na aliyepita umri wa daraja lake
apishe njia.

Huo wa mwisho niliuandika haraka. Chai ilikuwa inapoa.

Naiachia mashine misimu hamsini, nakaa.
Feni inavuma.
Saa nane usiku ripoti inatoka, nzuri kuliko nilivyotarajia:
Peguero amepanda polepole, ana miaka ishirini na minne,
anaiacha ile mipira ipite, anausubiri wake.
Kila timu ina wadakaji wawili, na wote wanadaka.

Kisha orodha ya walioachwa.
Naisoma kwa sababu ni kazi yangu kuisoma.
Mstari wa mia moja na sita: mdakaji, miaka thelathini na moja,
goti la kulia bovu, hapigi hata mbili kwa kumi.
Sababu: umri.

Kaka yangu Toivo alikuwa mdakaji wa tatu
kule Montana, misimu minne.
Hakupiga kitu. Lakini warushaji wa miaka kumi na minane,
waliolia usiku kwa Kihispania,
waligonga mlango wake, si wa kocha.
Hilo halikuwahi kuwa na safu kwenye jedwali lolote.
Walimwachia barua ndani ya kiatu, mistari miwili,
na mmoja ulikuwa tarehe.

Naongeza safu. Siipi jina zuri.
Naipa uzito nukta nne, kisha nukta tatu,
nisije nikaharibu mchezo wa watu kwa uchungu wa nyumbani kwetu.
Naiendesha upya. Warushaji chipukizi
wanaimarika kwa asilimia mbili; ungeweza kusema ni bahati.
Yule wa goti anabaki msimu mmoja zaidi.
Mmoja tu. Kisha mashine inamwacha,
nami siizuii.

Saa kumi alfajiri, jembe la chuma linakwaruza barabara,
linasukuma theluji kando, na taa ya rangi ya chungwa
inazunguka darini kwangu.
Pengine ni yeye. Sijui zamu yake wiki hii.
Nahifadhi faili.