Kichupa cha Makoroboi

Mikono yangu ina miaka kumi na mmoja ya sangara.
Nimechuna, nimepasua, minofu huku,
mapanki kule, mabondo kwenye ndoo ya msimamizi
anayeyahesabu kama mtu anayehesabu meno yake.
Ndimu nimejaribu. Majivu. Sabuni ya magadi.
Harufu husubiri nikauke, halafu hurudi
na kuketi mahali pake, katikati ya vidole.

Siku ya mshahara nikapita Makoroboi.
Bi Raya wa Wete alikuwa ametandika gunia,
juu yake vichupa vidogo kama vya dawa ya macho,
naye ananadi kana kwamba analipwa kwa vina:

    Ua hili la manjano, huchumwa pasi na jua,
    Kwa moto wa mapatano, jasho lake likatua,
    Kwa mwenye msongamano, wa mawazo, hupungua,
    Matatu na si matano, kwa nazi ukazimua!

Langilangi, akasema, na jina likalia kama bangili.
Nikamuuliza kwa sauti ya chini: hutoa samaki?
Akashika kiganja changu, akanusa, hakukunja pua.
“Haitoi. Hukaa juu yake,
kama mpangaji mwenye adabu.
Usinywe. Usipake kavu, ngozi itakushitaki.
Na kama una mimba, muulize mkunga kwanza.”
Elfu nane,
kwa maji yasiyojaa kizibo cha soda.

Jioni nikaoga, nikapaka hadi viwiko,
nikapanda Igogo, ngazi za mawe, nyumba baada ya nyumba
zimeegemea majabali kama watoto wagonjwa.
Nilinukia ndizi mbivu iliyovaa kwenda harusini.
Mjumbe alinisalimu mara mbili.
Nilitembea polepole, makusudi.

Mama yangu, Nkwimba binti Sayi:
macho yalitangulia, majina yakafuata.
Sauti zote kwake sasa ni redio ya jirani.
Nikamshika mkono nimlishe ugali na furu.
Akauvuta.
“Karibu, nesi,” akasema, kwa heshima ya wageni.
“Mwanangu hajarudi. Keti kidogo,
utamjua akifika. Hunuka kazi.”

Mama, ni mimi. Ni Limi.
Akacheka, akaiweka vizuri shuka magotini.
“Limi wangu nitamjua hata kaburini.”

Nilisimama jikoni muda ambao sikuupima.
Kwenye beseni kulikuwa na mapanki, mboga ya kesho.
Nikazamisha mikono,
nikaisugua kwenye mifupa, kwenye mapezi,
mpaka ua lote likanyamaza.

Niliporudi aliinua pua kabla sijafika mlangoni.
“Umechelewa,” akasema. “Alikuja mgeni,
mzuri sana, lakini hakula.”

Tangu siku ile kichupa ni cha miguu yake.
Matone matatu kwenye nazi, kijiko kimoja,
namkanda nyayo zilizokanyaga mchanga wa dagaa Kayenze
misimu thelathini, kisigino kimepasuka
kama udongo wa Kwimba mwezi wa tisa.
Kwanza hulalamikia goti.
Kisha hunitajia majirani waliokufa, mmoja mmoja, bila huzuni.
Kisha pumzi inashuka ngazi,
na bonde la kati ya nyusi zake linajaa.

Sijui kama ni ua au ni vidole.
Bi Raya hakuniuzia jibu hilo.
Zamani mama alikuwa akiamka saa nane
akitafuta ndoo, akiita wachuuzi;
sasa huamka alfajiri, ananusa hewa, anauliza
nani amepanda maua humu ndani,
nami naitika tu, nikivaa buti zangu nyeupe.

Zamu ya kwanza, juzi, msimamizi akasimama nyuma yangu.
“Nani kaja na manukato kiwandani?”
Kumbe nilikuwa nimejipangusa kwenye gauni usiku.
Nikaendelea kuchuna.
Ni mama, nikasema.

Kimebaki robo. Mshahara ni Ijumaa.