Bitana

Mwaka mmoja na miezi minne, ukavu.
Nilishagawa pedi zangu, pakiti mbili zima,
kwa Sanda wa chumba cha wigi.
Chukua, nilimwambia, mimi nimefunga duka.

Kisha Januari, Riga ikiwa chini ya theluji ya siku ya tisa,
nimepiga magoti jukwaani, pini mdomoni,
napandisha pindo la gauni la malkia
(jeupe, bila shaka jeupe),
nikahisi vuguvugu nililolijua
kabla sijalikumbuka jina.
Nikasema nimejichoma sindano.
Mwimbaji akacheka, akanipa leso.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu nilimpa kalenda:
chaki ya fundi, ya bluu, ukutani nyuma ya cherehani.
Jumanne kidogo. Jumatano kidogo. Alhamisi kimya.
Ijumaa karudi, kama mtu aliyesahau mwavuli.

Usiku, Valdis akikoroma, nilimwona shangazi Mirdza.
Damu yake aliinyamazia miaka miwili,
akiiita uchovu, akiiita viazi,
akiiita ndoo alizobeba.
Mimi sikuiita ndoo. Nilipanda tramu.

Daktari Vizma ana mikono baridi, na huiombea radhi.
Kiraka unabadilisha?
Mara mbili kwa wiki, nyonga ya kulia, nyonga ya kushoto.
Na kidonge cha usiku?
Hapo nikatazama dirisha.

Kile kidonge hunilevya.
Hunikuta nimesimama, nacho hakijali
kwamba onyesho huisha saa nne na nusu
na malkia ana vifungo arobaini mgongoni.
Basi usiku wa onyesho nilikiacha
ndani ya kopo la vifungo vilivyokosa wenzake.
Kiraka ndicho kilichonizimia moto wa shingoni,
kiraka ndicho kilichonirudishia usingizi;
kidonge nilikidhania adabu tu.

Hakunifokea. Alichora mfuko wa uzazi
kama peasi iliyopinduliwa.
Kiraka, alisema, huongeza kitambaa cha ndani.
Kidonge hukizuia kisizidi.
Ukiuweka mkasi kando, kitambaa hakikungoji.

Miaka thelathini nakata bitana,
nikafundishwa bitana na mtu mwenye koti
lililoning'inia kifungo kwa uzi mmoja.

Wala hakuridhika na ungamo langu.
Sababu tunayo, alisema, lakini sababu si kipimo.
Kioo kikawa kijivu kama Daugava iliyoganda,
na katikati yake mstari mweupe.
Akatia alama huku na huku, kama mimi kiunoni mwa mtu.
Milimita sita na nusu.
Si habari mbaya, alisema. Si habari, bado.
Akachukua kipande, chembamba kama nyuzi za ukingo.
Uchungu ulikuwa mfupi, wenye meno.

Siku kumi.
Nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye koti moja.
Valdis alipika supu ya shayiri kila jioni
bila kuuliza, bila chumvi.

Simu ililia nikiwa chini ya meza, natafuta futi.
Seli ni safi.
Nilibaki chini ya meza kwa muda.

Sasa kiraka ni kidogo, nusu ya kile cha kwanza,
na kidonge nakimeza kitandani, kila usiku,
taa ikiwa imezimwa tayari.
Huenda matone yakaja wiki kadhaa, alinionya,
mwili nao una ukaidi wake;
yakipita miezi mitatu, au yakizidi, rudi,
usingoje kalenda ijae.
Vifungo arobaini anavifungua Sanda.

Jana alikuja na pakiti moja ya pedi,
akaiweka juu ya cherehani.
Ile nyingine, alisema, nimeshaitumia.
Samahani.

Nimeiweka kwenye droo ya chini, pamoja na chaki.
Ukutani bado sijafuta.