Kupiga Debe, Birere

Msimu wa kampanye, kijana Byamungu
akaja Birere na fulana mpya yenye uso wa mtu,
akakanyaga mawe ya lava kwa viatu vya ngozi,
akamwambia baba:
"Mzee Mutsuva, utupigie debe."

Baba hakuinua macho.
"Lilete. Mbabula ndogo elfu tano,
kubwa elfu nane. Ukitaka miguu mitatu, bei mbali."

Byamungu akacheka. Alisoma Arusha miaka miwili,
akarudi na Kiswahili kilichopigwa pasi.
Kule, alisema, kupiga debe ni kumwombea mtu kura:
kumsifu sokoni, kumtaja penye foleni ya maji
mpaka jina lake liingie chunguni na maharagwe.

"Aa," baba akasema. "Sisi huku tunaita kampanye."
Akashika nyundo, akanyamaza nayo
kama mtu anayeonja chumvi.

Usiku akalipima lile neno.
Miaka thelathini napiga debe, alisema,
sijawahi kulipiga likiwa na kitu ndani.
Lenye mafuta halilii, linanung'unika tu, bwe.
Kwanza ulimwage. Ulikaushe. Ulikate kichwa.
Ndipo litasikika mpaka kwa wachoma mahindi.
"Aliyetunga neno hili alikuwa na fundi jirani."
Mama akamuuliza kama amekula.

Jumamosi Byamungu alirudi na madebe sita ya mawese,
moja kwa nyumba kumi,
kila moja limebandikwa uso ule ule, unatabasamu.
Tuligawana kwa kikombe.
Kwetu vilifika viwili na nusu.

Siku yenyewe baba alipanga mstari tangu alfajiri.
Kura nayo inapigwa, aliniambia njiani, hebu sikiliza.
Nilibaki mlangoni nikasikiliza.
Nilisikia kikohozi cha polisi.

Madebe matupu yalirudi kwetu wiki iliyofuata,
baba akayanunua mia tano mia tano.

Leo mvua inanyesha, Nyiragongo umejifunika,
mama anachochea makaa, sombe inatokota.
Ubavuni mwa mbabula limebaki jicho moja
na nusu ya mdomo;
moto ukikolea, rangi inachuruzika kidogo.
Byamungu hajapita tena.
Mheshimiwa yuko Kinshasa.
Baba anapiga debe, nkwa, nkwa, nkwa,
na mteja, mikono masikioni,
anauliza bei.