Kidole, Rudia Tena

"Rudia tena, dada, kidole hakijasoma,"
alisema kijana wa laini pale Mwaloni,
mwavuli wake mwekundu umefungwa kwa uzi wa nyavu.
Gumba langu limekula magamba ya sangara
miaka kumi na tatu; hata mimi nililidharau.
Nikalipangusa kwenye khanga, nikabonyeza.
Mara ya kwanza ilikuwa yangu.
Mara ya pili ilikuwa yako.

Wewe uitwaye Kwandu Shigela,
mzaliwa wa Sengerema kama mimi, tarehe ileile,
umekopa milioni moja na laki mbili kasoro,
sehemu tatu, ndani ya wiki moja.
Mimi kukopa robo ya sukari kwa Mangi
hunitoa jasho.

Deni likanifuata kwa ujumbe:
kwa shemeji, kwa mweka hazina wa kikoba,
kwa fundi cherehani niliyempigia mara moja, mwaka juzi.
*Mwambieni Kwandu alipe.*
Wenzangu wa vichanjani wakaanza
kuhesabu beseni zao nikipita.

Basi nina kazi mpya: kuwa mimi.
Ina foleni.
Kituoni Kirumba wanataka maelezo tangu mwanzo,
halafu tena tangu mwanzo, kwa afande wa zamu nyingine;
namba ya jalada naitunza kwenye sidiria kama hirizi.
Nyota, mia na sita, reli:
simu ikanipangia laini tano.
Mbili nazijua.
Zile tatu nilizitazama kama mtu aliyekuta
viatu vya wageni mlangoni
na ndani anaishi peke yake.

Nikaenda kuzifuta. Binti wa kaunta, mpole, kucha za zambarau,
akanisogezea kijimashine.
"Weka gumba."
Nikaweka.
"Rudia."
Nikatoka, nikanawa kwa ndimu, nikarudi, nikarudia.
"Samahani mama, mfumo unasema wewe si wewe."

Nilicheka, pacha wangu. Ungekuwepo ungecheka.
Wewe hujawahi kukataliwa.

Siku ya nne kikanitambua kidole cha mwisho cha kushoto,
kile kisichowahi kushika kisu.
Laini zikafa moja baada ya nyingine.
Wenye mikopo wamepelekewa barua, ina mhuri;
wanasema wanachunguza.
Sawa. Ya fedha yana karatasi, yatafika mwisho.

La mama halina karatasi.
Ulimpigia ng'ambo ya ziwa, sauti umeikwaruza,
*mama nimelazwa Bugando,*
akauza mtamba aliyekuwa akimwita kwa jina,
akatuma hadi senti ya kutolea,
akakesha anakuombea.
Kwa jina langu. Sijui dua ile
ilimfikia nani.

Siku hizi nikimpigia haniamkui.
Anauliza:
"Kovu la goti, ulilipata wapi?"
"Kwenye plau ya babu, mama. Nilikuwa nafukuza kuku."
Kimya. Nasikia redio yake, nasikia anapima.
"Kuku wa rangi gani?"

Nimesimama katikati ya dagaa, simu sikioni,
jua linanichoma utosi,
nami najaribu, najaribu kukumbuka.